Valensi si hesabu ya majirani

Juzi nilikuwa Nyakato kwa fundi wa kuchomelea, nasubiri geti langu. Kijana wake, yuko kidato cha tatu, alikuwa anamweleza mwenzake habari za mtungi wa kukatia chuma: "Asetilini hiyo, kaboni yake ina valensi 2, maana imeshikana na wawili tu." Kosa hilo nimelisikia tuisheni, nimelikuta ubaoni, sasa limenifuata hadi gereji.

Valensi ni idadi ya bondi ambazo atomu moja hufunga; bondi ni kifungo kati ya atomu na atomu, na kwenye mchoro kila kimoja ni mstari mmoja. Hidrojeni 1, oksijeni 2, kaboni 4. Basi.

Balaa linaanzia kwenye neno. Ni la Kilatini, valentia, yaani nguvu au uwezo. Mwaka 1852 mkemia Mwingereza Frankland aliona kila elementi ina kipimo chake cha kuungana na nyingine. Mwaka 1858 wakemia Kekulé na Couper, kila mtu kivyake, wakasema cha kaboni ni 4, tena kaboni hushikana zenyewe kwa zenyewe. Walikuwa wanahesabu. Mwanafunzi wetu akisikia "nguvu" anadhani valensi inapima bondi imekaza kiasi gani. Bondi ya mistari mitatu ya asetilini ni imara kuliko ya mstari mmoja kati ya kaboni mbili za ethani, C2H6, ingawa haifiki mara 3, na bado valensi ya kaboni ni 4 kote kuwili.

Wengine hawana shida na nguvu, wanahesabu majirani, yaani atomu zilizoshikana na kaboni. Kwenye methani, CH4, jibu linatoka sawa, na hapo ndipo ugonjwa unapoingia. Kwenye ethilini, C2H4, kaboni ina majirani watatu. Kwenye asetilini, C2H2, wawili. Bondi bado ni nne. Sisi walimu tunasema "mikono" (na mimi nimo), na mfano hauna ubaya mpaka mtu ahesabu watu badala ya mikono. Ukimsalimia mkwe kwa mikono miwili, umeshika mtu mmoja, ila mikono iliyotumika ni miwili.

Nikamwomba kijana achore. Akachukua chaki ya fundi, akaandika juu ya bati H–C≡C–H.

"Sasa hesabu mistari inayogusa kaboni moja."

"Mmoja huku... mitatu huku. Minne, mwalimu."

"Majirani?"

"Wawili."

Fundi akatuambia tusogee, anawasha.