Je, wajua kipimo cha satelaiti huhakikiwa kwa kioo na puto?

Mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea, fukuto la Mji Mkongwe halisemeki. Katika kila molekuli 100 za hewa tunayovuta, karibu 3 ni za maji. Lakini panda wima juu ya Unguja kilomita 17 hivi: baridi hufikia nyuzi 80 chini ya sifuri, na maji hayazidi molekuli nne au tano katika milioni moja. Kwa kawaida kimo hicho huwa na baridi zaidi kwetu kuliko Ulaya. Hewa ya ukanda wa ikweta hupanda mbali, hutanuka na kupoa. Mvuke hugandia njiani, hewa ikaingia stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya mawingu, ikiwa kavu.

Mvuke huo mchache huzuia joto la dunia lisitoroke, ndiyo maana unafuatiliwa. Satelaiti ya Aura ya NASA, iliyorushwa mwaka 2004, ina mtambo uitwao MLS unaopokea mawimbi hafifu yatolewayo na molekuli za maji, kisha kompyuta hukokotoa kiasi chake. Hauyagusi maji yenyewe, wala hauwezi kushushwa ukaguliwe.

Mkaguzi ni puto. Bilauri ya juisi ya miwa yenye barafu pale Forodhani hutoka jasho kwa sababu mvuke hutulia penye baridi. Puto hubeba kioo kidogo kinachopozwa mpaka kishike utando wa barafu. Mwale wa mwanga huangalia kama utando unakua au unayeyuka, na kioo hupashwa au kupozwa ili ubaki vilevile. Jotoridi la kioo wakati huo ndilo jibu: sheria za fizikia hutoa kiasi cha mvuke. Huko Boulder, Marekani, kazi hii inafanyika tangu 1980.

Tatizo ni kwamba puto lenyewe hupanda na unyevu wa mawinguni, na penye ukavu ule hata unyevu kidogo huharibu kipimo. Kwa hiyo kifaa huning'inizwa kwa kamba ndefu, na vipimo vya kushuka, kifaa kikiwa kimetangulia, huaminiwa zaidi. Tena MLS huona tabaka nene la kilomita kama tatu, basi namba za puto huchanganywa kwanza ndipo zilinganishwe.

Ulinganisho huo ulifichua kwamba kuanzia 2010 hivi MLS ilikuwa ikisogea taratibu upande wa unyevu. Hesabu zake zikarekebishwa, ingawa si kwa ukamilifu. Bila puto, mtu angedhani stratosfia ndiyo inayolowa. Volkano ya Hunga Tonga ya Januari 2022 haikuacha shaka ya aina hiyo: iliongeza maji ya stratosfia kwa takriban asilimia 10.