Moto wa Uani Huchoma Taka, Hauziteketezi

Asubuhi moja nilikwenda kusikiliza lalamiko la moshi kati ya majirani wawili. Aliyelalamikiwa alikuwa mzee mtaratibu, uwanja wake umefagiliwa ukatakata, na kwenye kona kulikuwa na shimo la taka lililochomwa usiku uliotangulia. "Mwanangu," akaniambia, "mimi taka sizitupi barabarani. Nazimalizia hapa hapa kwangu." Nikaomba kijiti, tukachokonoa majivu pamoja. Juu palikuwa na majivu laini ya kijivu. Vidole vichache chini yake tukakuta chupa ya plastiki iliyoyeyuka ikashikamana na mchanga hadi ikawa kama jiwe, mabaki ya vifungashio vyenye utando wa alumini, ganda la betri lililopasuka, na chini kabisa ukurasa wa gazeti ulioungua pembeni tu, maandishi yake yanasomeka vizuri. Mzee aliutazama ukurasa ule kwa muda. Moto aliuwasha mwenyewe na akaukalia hadi ulipozima.

Kiswahili kinatenganisha kuchoma na kuteketeza. Kilichochomwa huenda bado kipo, kimebadilika sura tu. Kilichoteketea kimekwisha. Kanuni nyingi zinazokataza kuchoma taka za nyumbani zimesimama juu ya tofauti hiyo, hata kama maandishi yake hayaitaji. Watu huzisoma kanuni hizo kana kwamba serikali ya mtaa inauchukia moto. Shida ni kwamba moto wa uani hauna nguvu ya kufanya kazi tunayoupa.

Tazama inavyofanyika penye nia ya kuteketeza kweli. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka tanuri la kuteketezea taka lifikishe gesi zake joto la nyuzi 850 za Selsiasi kwa muda usiopungua sekunde 2, na nyuzi 1,100 ikiwa taka ni za hatari na zina klorini nyingi au kemikali za jamii yake. Baada ya hapo gesi hupozwa kwa haraka, huchujwa, hupitishwa kwenye dawa za kunasa sumu, ndipo bomba linaruhusiwa kuzitoa. Haraka ile ya kupoza ina sababu yake: gesi ikipoa polepole, kwenye joto la kati ya nyuzi 200 na 400 hivi, viungo vyake hukutana upya na kutengeneza dioksini, yaani kemikali za jamii moja zenye sumu kali.

Sasa rudi kwenye shimo la mzee. Taka zimelowa upande mmoja, zimeshindiliwa upande mwingine, hewa haipiti. Sehemu ndogo inawaka na kubwa inafukuta. Joto linakaa palepale ambapo mhandisi wa tanuri anapakimbia, na linakaa kwa saa nzima. Ndiyo maana moto mdogo wa taka huwa mchafu kuliko moto mkubwa uliosimamiwa. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipohesabu vyanzo vya dioksini nchini humo, iliona kwamba baada ya viwanda kubanwa, mapipa ya kuchomea taka nyuma ya nyumba za watu yamebaki miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa. Na usidhani kwamba ukitoa plastiki umesalimika. Klorini ya kutosha kutengeneza dioksini imo hata kwenye chumvi ya mabaki ya chakula na kwenye karatasi zilizong'arishwa.

Dioksini ndiyo inayonifanya niandike makala haya, kwa sababu haifanani na moshi tunaoujua. Moshi wa kawaida hukuwasha macho ukakimbia. Dioksini haina harufu ya kukuonya. Hushikamana na masizi, hutua kwenye majani na udongo, mnyama hula, na kutoka hapo huingia kwenye mafuta ya nyama, maziwa na mayai. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayomfikia binadamu hupitia chakula. Ikishaingia mwilini, mwili huchukua takriban miaka 7 hadi 11 kupunguza nusu yake tu. Iliyo kali kuliko zote iliwekwa mwaka 1997 kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu vilivyothibitishwa. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001 kuhusu sumu zinazodumu kwenye mazingira, ulioanza kutumika mwaka 2004, umetaja uchomaji wa taka mahali pa wazi kuwa mojawapo ya vyanzo ambavyo nchi wanachama zinatakiwa kuvipunguza. Kwa hiyo sheria ndogo ya halmashauri inayomzuia mtu kuwasha pipa lake ni tawi la mti mkubwa.

Moshi wenyewe nao una lake. Chembe zinazotutia hofu zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua haizizuii. Zinafika kwenye vifuko vya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu cha chembe hizo linachokipendekeza hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa saa 24. Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulifanya kwa nia njema na matokeo yake ni mabaya: kuchoma jioni, upepo ukiwa umetulia, ili moshi usimfikie jirani. Jioni ardhi hupoa kabla ya hewa iliyo juu yake, hewa ya baridi hulala chini kama maji kwenye beseni, na moshi hukosa pa kupandia. Unatambaa hadi dirishani kwa yule yule jirani, na ikiwa ana mtoto mwenye pumu, usiku wake umeharibika.

Anayehisi kwamba haya ni ya kutisha watu bure afikirie wanajeshi wa Marekani waliotumwa Iraq na Afghanistan. Kambini kwao taka zilichomwa kwenye mashimo ya wazi: plastiki, betri, taka za hospitali, rangi, vyote kwa pamoja na kwa mafuta ya ndege. Shimo la kambi ya Balad, Iraq, lilifikia takriban hekta 4. Waliporudi nyumbani wakaanza kuugua, walidai haki yao kwa miaka, na mwezi Agosti mwaka 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria inayotambua orodha ndefu ya saratani na magonjwa ya mapafu kuwa yanatokana na utumishi huo. Wale walikuwa vijana waliopimwa afya kabla ya kuondoka kwao. Shimo la uani ni dogo sana ukililinganisha na lile, lakini wanaolizunguka ni watoto wachanga, wajawazito na wazee.

Sasa kanuni zenyewe. Hutofautiana kati ya eneo na eneo, kwa hiyo anza na ofisi ya serikali yako ya mtaa, kisha kikosi cha zimamoto, na ukiwa karibu na msitu, mamlaka ya misitu. Mara nyingi zote tatu zina neno la kusema juu ya moto mmoja. Mpangilio wake hata hivyo hufanana. Moto mdogo wa kuni kavu, wa kupikia au kuota, kwa kawaida huachwa. Majani na matawi ya bustani huruhusiwa kwa kibali, kwa saa maalumu na kwa msimu maalumu, au hukatazwa kabisa mjini. Taka za nyumbani, matairi, mafuta machafu, vifaa vya umeme na mbao zilizotiwa dawa huwa upande wa marufuku. Kisha huja amri za muda: wakati wa kiangazi kikali zimamoto hufunga kila aina ya moto wa nje, na kibali ulichokata mwezi uliopita hakina kazi siku hiyo.

Hapo kwenye mbao nitasimama kidogo, maana ndipo watu waungwana wanapokosea. Mbao za uzio au za sitaha zenye rangi ya kijanikijani huenda zilitiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki dhidi ya mchwa na ukungu. Ukizichoma, sehemu ya aseniki hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, na majivu hayo mtu huyachota kwa furaha akayamwaga kwenye mboga zake. Rangi ya zamani kwenye fremu za milango huenda ina madini ya risasi, nayo ni sumu. Majivu ya kuni safi ni mbolea. Majivu ya shimo la taka ni taka nyingine, tena yenye sumu iliyokolea.

Kibali pia kinaeleweka vibaya. Kinakuruhusu kuwasha, hakikuruhusu kumkera mtu. Moshi ukimfanya jirani afunge madirisha kila siku, bado anaweza kulalamika na ofisi ikakuamuru uache, hata kama ulichokichoma ni majani matupu. Na moto ukivuka mpaka wako, kwa kawaida gharama zinakufuata wewe uliyeuwasha.

Umbali nao haukubuniwa mezani. Kanuni ya mfano inayotumiwa na majimbo mengi ya Marekani inataka moto mkubwa wa nje uwe umbali wa mita 15 hivi kutoka kwenye jengo, na ule mdogo wa kuota mita 7 na nusu, na huo mdogo usizidi upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 60. Cheche hazijali uzio. Tarehe 8 Oktoba 1871, mji wa Peshtigo katika jimbo la Wisconsin, Marekani, uliungua baada ya kiangazi kirefu. Kwa wiki kadhaa watu walikuwa wakiwasha mioto midogo ya kusafisha mashamba na njia ya reli, kila mmoja akiamini wake ameudhibiti. Jioni hiyo upepo mkali ukaiunganisha. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 1,200 na 2,500.

Najua swali linalofuata, kwa sababu huulizwa kila ninaposimama mbele ya watu: gari la taka lisipokuja, tufanye nini? Ni swali la haki. Zaidi ya watu bilioni 2 duniani hawana huduma ya kuzolewa taka, na kwa maoni yangu serikali ya mtaa inayokataza kuchoma bila kuzoa imefanya nusu ya kazi yake. Dai huduma hiyo, kwa maandishi, tena mkiwa wengi. Wakati huo huo, punguza kinachofika shimoni. Mabaki ya chakula na majani ndiyo mazito na ndiyo yanayooza na kunuka, hadi mtu akaona heri achome. Yaweke kando yawe mboji: tabaka bichi, tabaka kavu, unyevu kama wa sifongo iliyokamuliwa, geuza kila baada ya wiki moja au mbili. Kinachobaki ni kikavu, hakinuki, na kinaweza kungoja. Chupa, makopo na maboksi yakikaa makavu, wapo wanaoyatafuta. Betri na makopo ya kupuliza yahifadhi peke yake. Kopo la kupuliza likitiwa motoni hupasuka kama risasi. Nepi na pedi ndizo ngumu kuliko zote. Penye ruhusa, shimo lililo mbali na kisima na mbali na mkondo wa maji ya mvua, linalofunikwa udongo kila unapotia, lina madhara machache kuliko moto.

Na siku unayoruhusiwa kuchoma matawi yako, usiyawashe kwa petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini bila kuonekana, nao hushika moto hata kwenye baridi kali. Unayeinama na kiberiti huenda umesimama katikati yake. Kagua rundo kabla ya kuwasha, kwani wanyama wadogo hujificha humo. Maji yawe karibu na mtu mzima asiondoke, hata dakika moja.

Kuzima ndiko kunakopuuzwa. Tabaka la juu la majivu hupoa na kuwa jeupe huku makaa ya chini yakiendelea kufukuta, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na kwenye udongo wenye mizizi au mboji moto hutembea chini kwa chini ukatokea mahali pengine. Mchanga pekee huutunza moto huo kama blanketi. Mwaga maji, koroga kwa koleo hadi chini kabisa, mwaga tena. Kisha sogeza mgongo wa mkono polepole juu ya majivu, pande zote, bila kugusa. Ukisikia joto lolote, rudia. Kesho yake asubuhi, kabla upepo haujaanza, nenda ukague tena vivyo hivyo.