Ini lenye makovu: maana ya sirosisi na namna ya kuishi nayo

Sirosisi ni hali ambayo ini, baada ya kuumizwa kwa miaka mingi, limejaa makovu kiasi kwamba umbo lake la ndani limevurugika: nyama laini iliyokuwa ikifanya kazi imegawanyika kuwa vinundu vilivyozungukwa na nyuzi ngumu, na damu haipiti tena humo kwa urahisi. Hapa Dodoma wengi huiita ini kusinyaa, na jina hilo likishatamkwa kwenye chumba cha daktari, familia nyingi huanza kumlilia mgonjwa angali hai. Ninaandika makala haya kwa sababu huzuni hiyo ya mapema huwanyima wagonjwa miaka ambayo wangeweza kuishi, na kuishi vizuri, iwapo wao na wale wanaowapikia wangeelewa kinachoendelea mwilini.

Ini la mtu mzima lina uzito wa takribani kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia, juu ya tumbo, chini ya mbavu. Damu inayotoka kwenye utumbo na kwenye wengu hupitia humo kabla ya kurudi kwenye moyo. Humo ndimo sumu huchujwa, sukari huwekwa akiba kwa ajili ya saa za njaa, nyongo hutengenezwa, na protini kadhaa huundwa, zikiwemo zile zinazogandisha damu mtu anapojikata, pamoja na albumini, ambayo huyazuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa. Ukizishika kazi hizo, dalili za sirosisi hazina haja ya kukaririwa. Albumini ikipungua na shinikizo la damu ndani ya ini likipanda, maji hujaa tumboni na miguuni. Uchafu wa nyongo usipoondolewa, macho huwa ya manjano. Amonia, sumu inayotoka utumboni, isipochujwa hufika kwenye ubongo, na mtu huanza kuchanganyikiwa. Damu nayo hufanya kama maji ya korongo lililozibwa na mchanga: hutafuta njia za pembeni, na njia hizo ni mishipa midogo ya umio na ya tumbo la chakula, ambayo hutanuka na kuta zake kuwa nyembamba hadi siku moja inaweza kupasuka.

Madaktari hutofautisha hatua mbili za ugonjwa huu, na kwa maoni yangu hakuna jambo lingine la kulielewa kwanza kuliko hili. Katika hatua ya kwanza makovu yapo, lakini sehemu ya ini iliyosalia bado inamudu kazi. Mtu analima, anafundisha, anaendesha bodaboda, pengine bila kujua kwamba anaumwa, na wengi wa hatua hii huishi zaidi ya miaka kumi. Hatua ya pili huanza pale ini linapozidiwa, yaani maji yanapojaa tumboni, macho yanapogeuka manjano, damu inapotapikwa au akili inapovurugika. Hatua hii ni ya hatari kweli, na sitamficha msomaji. Hata hivyo wapo wanaorudi kutoka huko: aliyeacha pombe kabisa, au aliyeanza dawa za kudhibiti kirusi cha homa ya ini, anaweza kuona maji yakikauka na vipimo vikirejea karibu na kawaida, japo makovu mengi hubaki. Kwa hiyo kazi yote ya kuishi na sirosisi ni kubaki katika hatua ya kwanza, au kupigania kuirudia.

Mgonjwa wa ini kwetu hukutana kwanza na tuhuma mbili: kwamba ni mlevi, au kwamba amelogwa. Pombe ni chanzo kweli, na ini halitofautishi gongo, wanzuki, pombe ya uwele na mvinyo wa zabibu zetu, kwa kuwa kinacholiumiza ni kiasi cha kilevi na miaka ya kunywa. Lakini kirusi cha homa ya ini aina ya B huwaumiza wengi ambao hawajawahi kuonja pombe. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, kwa vifaa vyenye ncha kali visivyo safi, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Hakiambukizwi kwa kula sahani moja wala kwa kupeana mikono. Umri wa kuambukizwa huamua mengi, kwani takribani watoto wachanga tisa kati ya kumi wanaoambukizwa hubaki nacho kwa miaka mingi, ilhali watu wazima walio wengi hukishinda wenyewe. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto nchini mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Homa ya ini aina ya C, na mafuta yanayojaa kwenye ini la mwenye kisukari au kitambi, navyo huleta makovu yaleyale. Kichocho cha tumbo, ambacho wengi waliohamia Dodoma kutoka kanda ya ziwa wanakifahamu, hutia makovu kuzunguka mishipa ya ini na kinaweza kumfanya mtu atapike damu, ingawa seli za ini zenyewe mara nyingi huendelea kufanya kazi vizuri. Ndiyo maana ni vema kumweleza daktari ulikokulia.

Sumukuvu inastahili maelezo yake yenyewe katika mkoa huu. Mwaka 2016 watu wa wilaya kadhaa za Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwemo, waliugua ghafla kwa kutapika, macho kuwa ya manjano, tumbo na miguu kuvimba, na watu wapatao 20 walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu unaotoa sumu hiyo. Ile haikuwa sirosisi, ilikuwa sumu nyingi iliyoingia kwa muda mfupi. Inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mwenye kirusi cha B. Mwenye ini lenye makovu hana nafasi ya kuibahatisha. Karanga zimwagwe kwenye ungo mahali penye mwanga, na punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, zisichanganywe na zile za kusaga kwa ajili ya mboga. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii.

Ugonjwa ukishagunduliwa kwa vipimo vya damu na altrasaundi, hatua ya kwanza ni kuondoa chanzo. Pombe inaachwa yote, kwa sababu kupunguza tu hakutoshi. Aliyekunywa kila siku kwa miaka aiache akiwa chini ya uangalizi, maana kukatisha ghafla kunaweza kumletea degedege. Kirusi cha B hudhibitiwa kwa vidonge kama tenofovia, ambavyo kwa kawaida hunywewa kwa muda mrefu na havikatizwi bila daktari. Cha C hutibika na kuisha kwa vidonge vya miezi michache.

Baada ya hapo vita huhamia jikoni. Mwenye maji tumboni huambiwa apunguze chumvi hadi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya vyakula. Mama wa nyumbani hutii, huacha kutia chumvi, kisha hupika mlenda kwa magadi kama alivyozoea, na mguu wa mgonjwa hauachi kuvimba: ukibonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, shimo hubaki. Magadi yana sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi. Mlenda wenyewe hauna kosa, upikwe bila magadi na uongezewe ladha kwa nyanya, kitunguu na karanga zilizochambuliwa. Viungo vya vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi navyo vimejaa chumvi.

Wengi humkataza mgonjwa nyama, maharage na mayai wakidhani wanalipumzisha ini, na hilo humdhuru. Mwili wake unahitaji protini nyingi kuliko wa mtu mzima mwenye afya, la sivyo hujila misuli yake, na mtu hubaki na tumbo kubwa juu ya mapaja membamba. Kwa kuwa ini lenye makovu halina akiba ya sukari ya kutosha, usiku mmoja bila chakula kwake ni sawa na siku mbili au tatu za njaa kwa mwingine. Hivyo bakuli la uji wa ulezi au wa mtama kabla ya kulala ni sehemu ya tiba. Kwa sababu hiyohiyo, ndugu zetu Waislamu wanaougua wazungumze na daktari kabla ya Ramadhani.

Maumivu ya mgongo yasitulizwe kwa diklofenaki wala ibuprofeni, kwani huumiza figo na huweza kuchochea damu kuvuja. Parasetamoli, kwa kipimo cha chini anachopanga daktari, ni salama zaidi. Dawa za miti shamba zisizojulikana ziachwe, hata zikiuzwa kwa jina la kusafisha ini. Daktari anaweza kuandika spironolaktoni ya kupunguza maji, propranololi ya kushusha shinikizo kwenye mishipa ya umio, na laktulosi ya kulainisha choo, kwa kuwa kufunga choo huiacha amonia ikae mwilini. Anayelala na mgonjwa ndiye hugundua mapema kwamba akili inaanza kuvurugika: analala mchana na kukesha usiku, anakosea vifungo vya shati, mwandiko umebadilika, na akinyoosha mikono mbele viganja vinapigapiga. Hali hiyo, sawa na kutapika damu, choo cheusi kama lami, au homa pamoja na maumivu ya tumbo lenye maji, ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Wapo wanaoogopa kutolewa maji kwa sindano wakiamini kwamba ndiko kufa. Kwa kweli maji hayo hutolewa ili mtu apumue, na hupimwa kuona kama yana maambukizi, ambayo yasipotibiwa huua haraka.

Kila miezi sita mgonjwa hurudia altrasaundi kutafuta saratani ingali ndogo. Kamera ya kupitia mdomoni, ambayo hupatikana katika hospitali za rufaa kama Benjamin Mkapa, huonyesha mishipa ya umio iliyovimba, nayo hufungwa kabla haijapasuka. Ini likishindwa kabisa, tiba iliyobaki ni kupandikizwa jingine, na Watanzania wachache wanaomudu wamekuwa wakiifuata nje, hasa India.

Ikiwa chanzo ni kirusi cha B, mwenza, watoto na ndugu wa mgonjwa wapimwe, na wasiokuwa nacho na wasio na kinga wachanjwe dozi tatu. Kwa mtoto anayezaliwa, Shirika la Afya Duniani hushauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24, kwa hiyo mama mwenye kirusi alizungumze jambo hilo na wakunga mapema, kliniki, kabla uchungu haujaanza.