Barabara "iliyonyooka": ramani inapimaje?

Kwa mpimaji, barabara iliyonyooka ni kipande kinachoenea chote ndani ya ujia mwembamba usio na kona. Upana wa ujia unauchagua wewe, na lazima uutaje. Barabara inayoongoza nchi nzima kwa ujia wa mita 20 yaweza kupitwa na nyingine ukiruhusu mita 100.

Wengi hugawanya urefu wa barabara kwa umbali wa moja kwa moja baina ya ncha zake; jibu likikaribia 1, basi imenyooka. Kipimo hicho kinadanganya. Chukua kilomita 10 zilizopinda polepole hata katikati zikawa mita 50 nje ya mstari: urefu haujaongezeka hata mita 1. Kwenye ramani ya kompyuta barabara ni msururu wa nukta zilizoungwa kwa mistari; kulinganisha mwelekeo wa nukta na nukta nako kuna ila. Nukta zikiachana mita 5 na mchoraji akateleza mita 1, mstari unageuka digrii 11 mahali pasipo na kona.

Fanya kama mwashi, vuta uzi. Toka nukta ya kwanza hadi ya tatu, ya nne, na kuendelea, kila mara ukipima nukta ya katikati iliyo mbali zaidi na uzi. Ikizidi mita 10 upande wowote (nusu ya ujia wa mita 20), kata, andika urefu, kisha anza upya kwenye nukta ya pili. Usianzie ulipokatia, maana kipande kirefu zaidi huenda kilianza ndani ya kile cha kwanza.

Kabla ya uzi, unga vipande. Katika OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, barabara hukatwa penye daraja. Ukitoka Malindi kwenda Mambrui, daraja la Sabaki ni mstari wa peke yake. Usipouunga, programu itaona barabara imeishia mtoni. Kisha geuza digrii ziwe mita: katika UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita, Malindi na Lamu zimo ukanda wa 37 kusini.

Mviringo wa dunia hausumbui huku karibu na ikweta. Saudia ni mambo mengine. Barabara kuu namba 10, kati ya Haradh na Batha, imenyooka kama kilomita 240. Kwenye latitudo ya digrii 24, mstari wa urefu huo ukielekea mashariki, rula ya ramani ya Mercator (dunia iliyotandazwa bapa) na njia fupi ya juu ya tufe huachana karibu nusu kilomita katikati. Hapo ujia wa mita 20 utakata barabara isiyo na kona, kwa hiyo amua mapema unapima kwa mstari upi.