Mkongo Umefika Tanga, Kazi Iliyobaki Ni ya Mtaani

Nyaya za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki zinatua Mombasa na Dar es Salaam, na sisi Tanga tuko katikati. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Nchi kavu, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka huohuo wa 2009, umefika makao makuu ya mikoa, na Tanga imo. Anayesema intaneti ni ghali huku kwetu kwa sababu tuko mbali hajatazama ramani. Ughali unaanzia pale mkongo unapoishia, kabla haujafika kwenye simu yako Makorora au Mikanjuni.

Kipande hicho cha mwisho wengi wetu tunakipata kupitia mnara wa simu. Mnara una uwezo wake, na uwezo huo hugawanywa kwa wote waliounganishwa nao kwa wakati ule. Ndiyo maana video inayogoma saa mbili usiku hucheza bila tabu saa kumi alfajiri. Kampuni inalipia masafa ya mawasiliano, umeme, pango la mnara na kodi, kisha gharama hizo zinakurudia zikiwa zimekatwakatwa. Mwenye kipato kidogo ndiye anayenunua vipande vidogo zaidi, bando la siku au la wiki, ambalo mara nyingi GB yake ni ghali kuliko ya mwenye uwezo wa kulipia mwezi mzima. Tanga, waja leo waondoka leo; mabando ya saa 24 yamekuwa wenyeji kamili. Aprili 2021, vifurushi vilipopangiwa bei mpya, kelele za wananchi zilikuwa kubwa hata serikali ikasitisha bei hizo. Kelele zilisaidia kwa wakati ule, ila namna yetu ya kununua haikubadilika.

Nafuu ina kipimo. Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Kwa anayepata shilingi 200,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 4,000. Jumlisha ulichotumia mwezi uliopita uone umesimama wapi. Na kumbuka wastani wa taifa unachanganya wenye mishahara minono na kibarua wa shamba la mkonge, kwa hiyo nchi inaweza kufikia lengo hilo huku yeye akiwa bado nje.

Wakati huohuo, mambo ya lazima yamehamia mtandaoni. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA mtandaoni, nafasi za kazi serikalini ziko kwenye Ajira Portal, jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa njia hiyohiyo, na tangu 2023 zabuni za serikali zinapita mfumo wa NeST. Kijana asiye na intaneti ya uhakika huenda steshenari. Mwenye steshenari anamfungulia akaunti kwa barua pepe aliyoibuni papo hapo, nywila anaiandika kwenye daftari lake, na mwezi mmoja baadaye kijana anatakiwa kurekebisha kosa dogo lakini hawezi kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Siwalaumu wenye steshenari. Wanaziba pengo ambalo taasisi za umma zimeliacha wazi. Lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watu hazikupaswa kuishi kwenye daftari la kaunta.

Sasa tufanye hesabu ambayo sisi watu wa TEHAMA huwa hatuifanyi hadharani. Chukua laini moja ya faiba, yaani waya mwembamba unaopitisha data kwa mwanga, ya megabiti 100 kwa sekunde, ya kulipia kwa mwezi bila ukomo wa data, uiweke kwenye ukumbi wa umma. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini hiyo inapitisha megabaiti 12.5 kwa sekunde, sawa na GB 45 kwa saa. Ukumbi ukiwa wazi kwa muda wa saa nane kila siku, ni GB 360. Bila shaka haitatumika yote. Watu husoma, hufikiri, hupiga soga. Basi chukua moja ya kumi tu, GB 36 kila siku, uzidishe kwa bei ya GB unayonunua wewe, uone watu wangelipa kiasi gani kwa mabando. Na wakiwamo watu 40 kwa mpigo, wote wakipakua, kila mmoja anabaki na megabiti 2.5 kwa sekunde, inayotosha kutazama somo la video kwa ubora wa kawaida. Laini hiyohiyo nyumbani kwa mtu mmoja ni anasa.

Hatukusubiri kila nyumba iwe na bomba ndipo watu wapate maji safi. Tuliweka vioski vya maji mitaani. Intaneti nayo inahitaji kioski chake, kwa bei ndogo au bure, kwenye maktaba ya mkoa, ofisi za kata na shule za sekondari.

Wenzetu wamelifanya hili kwa njia mbalimbali. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 ilianzisha punguzo la gharama za mawasiliano kwa shule na maktaba, ambalo leo ni kati ya asilimia 20 na 90 ya gharama kutegemea umaskini wa eneo. Hukohuko Marekani, katika mji wa Chattanooga, kampuni ya umeme ya mji ndiyo iliyotandaza faiba, na mwaka 2010 ikawa inauza kasi ya gigabiti moja. Finland iliifanya intaneti ya megabiti 1 kuwa haki ya kisheria kuanzia Julai 2010. Kwetu upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Sehemu kubwa ya kazi yake inayoonekana ni minara vijijini, na ni sawa, maana Kilindi na milima ya Lushoto haziwezi kusubiri. Tatizo ni kwamba mnara ukisimama tunahesabu kijiji kimefikiwa, hata kama hakuna anayemudu bando. Na kwa wanaodhani jiji letu halina ubavu wa kugharimia miundombinu, mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, iliingia soko la mitaji na hatifungani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12.

Wakati mwingine gharama inapunguzwa na koleo tu. Barabara ya Ngamiani ikifukuliwa kwa ajili ya mtaro au lami, laza bomba tupu la plastiki humohumo. Faiba itapitishwa siku ikihitajika, bila kupasua lami mpya. Nacho kioski cha intaneti kisiishie kwenye ruta ukutani, kile kifaa cha kusambaza Wi-Fi. Kiwe na seva ndogo, kompyuta ya kuhifadhia mafaili, yenye vitabu vya kiada na mitihani iliyopita. Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja, nchi nzima iliyumba. Kilichohifadhiwa ndani ya jengo kisingeguswa.

Bajeti za halmashauri zinaanza kutumika Julai 1, lakini hupangwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo diwani aulizwe mapema. Aulizwe laini italipiwa kutoka fungu gani mwaka wa pili, mfadhili akishaondoka. Mkataba usomwe pia: neno "hadi" mbele ya megabiti 100 linampa muuzaji ruhusa ya kukuletea 8, hivyo kiandikwe kiwango cha chini na kasi ya kupakia, si ya kupakua peke yake. Halafu saa za kufungua. Fundi cherehani wa barabara ya nane anamaliza kazi saa kumi na mbili jioni, na ukumbi unaofungwa saa tisa na nusu alasiri, hata ukiwa na faiba nzuri kuliko zote, haukujengwa kwa ajili yake.