Wali wa kahawia si lazima uwe mgumu

Wengi huamini kuwa mchele wa kahawia, ule usiokobolewa, hata uupikeje lazima utoke mgumu au uwe bokoboko. Sivyo. Kosa ni kuupika kama mchele mweupe. Wa kahawia umeondolewa ganda la nje tu. Utando wa pumba umebaki, na ndio unaochelewesha maji kupenya hadi katikati ya punje. Kwa hiyo unahitaji kama dakika 40 hadi 50, si 20.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuuchemsha kwenye maji mengi, kama tambi. Baada ya dakika 30 hivi mwaga maji, rudisha wali kwenye sufuria, funika vizuri, uache nje ya moto dakika 10. Mvuke wake wenyewe unaumalizia, na punje zinachambuka. Hakuna kupima maji hata kidogo!

Ukipendelea maji ya kipimo, weka takribani vikombe viwili kwa kimoja cha mchele, moto mdogo, na usifunuefunue: mvuke ukitoroka, maji hukauka kabla punje hazijaiva. Kuuloweka mapema hupunguza muda. Sufuria ya presha nayo huuivisha kwa dakika 20 hadi 25.