Kotiji ya reli ni nyumba ya aina gani hasa?

Wengi wakisikia kotiji wanawaza kijumba cha kwenda kupumzika likizo, ila kotiji ya reli ni kitu kingine kabisa, ni nyumba ndogo isiyo na ghorofa iliyojengwa karibu na stesheni na ukiichunguza vizuri utakuta sehemu kubwa yake ilishushwa kwenye behewa.

Chukua Matjiesfontein, kijiji cha Karoo huko Afrika Kusini, nusu jangwa, miti ya kupasua mbao hakuna. Mskoti mmoja aliyewahi kufanya kazi reli, James Logan, ndo alikianzisha 1884, enzi hizo abiria wanashuka stesheni kula na yeye ndo mwenye mgahawa. Kwenye kotiji moja pale alihamia mwandishi Olive Schreiner mwaka 1890, alikuwa na pumu na alifuata ile hewa kavu. Nyumba yenyewe bado ipo.

Sasa tuje kwenye bati, maana hapo ndo penyewe. Ile migongo ya bati sio urembo. Shika karatasi kwa ncha moja italala, ikunje kunje kama kipepeo cha mkono inasimama yenyewe, na bati ni hivyo hivyo, halitaki mbao nyingi za kulibeba, na kwa sehemu isiyo na miti hiyo ni nafuu kubwa sana, halafu mabati yanalaliana vizuri kwenye behewa.

Mbele kuna baraza, wenyewe wanaita stoep, unatamka stup. Ina paa lake la bati, mara nyingine limepindwa pembeni kuelekea chini, mviringo kama pua ya ng'ombe. Baraza ndo linazuia jua lisipige ukuta moja kwa moja, bila hilo ndani mchana hakukaliki.

Na ile nakshi ya matundu matundu kati ya nguzo, ya chuma au mbao, inaitwa broekie lace, yaani lesi ya chupi, kwa sababu inafanana na lesi za nguo za ndani za zamani! Mimi ndo naipenda kuliko vyote. Ya chuma nyingi ilisubuliwa Uingereza, watu wanachagua mtindo kwenye katalogi, inakuja kwa meli halafu kwa treni. Ukuta ndo ungeweza kuwa wa udongo au mawe ya palepale.